Kuamka Bila Kuamsha Nyumba Nzima

Mwezi wa Ramadhani, katika baadhi ya mitaa ya Unguja, Lamu na Mombasa, vijana hupita usiku na ngoma wakiwaamsha watu wale daku. Hakuna anayenuna, kwa kuwa mtaa mzima una miadi moja. Ramadhani ikiisha, kila mtu anarudi kwenye saa yake. Chumba kimoja cha kupanga pale Manzese kinaweza kuwa na kondakta anayetakiwa kituoni saa 10 alfajiri, mkewe anayefungua genge saa 1 asubuhi, na kichanga kilichosinzia saa 8 usiku baada ya kubembelezwa mpaka mikono ikaisha nguvu. Alamu ya kondakta ikilia wote watatu wanaamka, na huyo mdogo ndiye wa mwisho kurudi kulala.

Mwongozo huu ni wa kondakta huyo na wenzake: muuguzi anayepanga chumba na mwenzake wa zamu tofauti, mwanafunzi wa hosteli anayetaka kusoma kabla ya adhana wakati waliolala dabo deka ya juu wamepanda kitandani muda si mrefu, kijana wetu aliye Maskati katika chumba cha watu sita wa zamu tatu, na mtu anayeamka kuswali tahajudi bila kutaka nyumba nzima ijue. Wote wanahitaji alamu isiyolia, inayotetema. Vifaa vyake vipo vya kila bei na huenda tayari unacho kimoja. Wengi wanaoshindwa hawashindwi na kifaa. Wanashindwa na mahali wanapokiweka, kwa hiyo hapo ndipo tutakapokaa zaidi.

Mtetemo husafiri vipi

Ndani ya simu au saa yako kuna mota ndogo. Kwenye mhimili wake kimefungwa kipande cha chuma, ila kimefungwa upande mmoja tu, kwa hiyo mota ikizunguka chuma kile huivuta huku na huku na kifaa chote kikatikisika. Saa na simu za bei ya juu hutumia aina nyingine, ambamo chuma hakizunguki bali husukumwa kwenda na kurudi kwa nguvu ya sumaku. Huo ndio ule mtetemo mkavu unaouhisi kama mtu amekugonga kwa ncha ya kidole.

Ngozi nayo ina vipokezi vyake. Vinavyohusika zaidi hapa huitwa vipokezi vya Pacini, kwa jina la Mwitaliano Filippo Pacini aliyevieleza katika karne ya 19. Vimekaa chini kabisa ya ngozi na karibu na viungo, na vina wepesi mkubwa wa kuhisi mtikisiko wa mara 200 hadi 300 kwa sekunde. Mota za simu na saa hutetema karibu na kiwango hicho, ndiyo maana kitu kidogo namna ile kinaweza kumshtua mtu mzima.

Taabu iko njiani. Mtetemo ukipita kwenye kitu laini, kama sponji, pamba au blanketi, hufifia. Ukikutana na kitu kigumu na chembamba, hugeuka sauti. Weka simu juu ya stuli ya mbao, iite, usikilize: ule mrindimo unamfikia aliye chumba cha pili, wakati wewe uliyelala nusu mita kutoka hapo hakuna kilichokugusa. Umepata hasara zote mbili kwa mkupuo. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, kariri sharti hili: kinachotetema kiguse mwili wako au kitu kinachougusa mwili wako moja kwa moja, na kisiguse mbao, ukuta, kioo wala bati.

Ukianza na simu

Kama hutaki kutoa hela kwa sasa, simu yako inatosha kuanzia. Kwenye simu za Android fungua programu ya Saa, gusa kengele unayoitaka, kwenye mlio chagua Kimya, kisha uweke alama kwenye kutetema. Kwenye iPhone ingia ndani ya alamu, fungua sehemu ya mlio, teremka hadi chini kabisa uchague ukimya, halafu hakikisha kwamba sehemu ya mtetemo haijazimwa. Usidhani kubonyeza kitufe cha ukimya cha pembeni kunatosha. iPhone iliyowekwa kimya kwa kitufe hicho bado hulia alamu kwa sauti, na Android nyingi zina sauti ya alamu iliyotengwa na sauti ya simu zinazoingia. Watu wengi wamewaamsha wenzao kwa kuamini kitufe kile.

Hali ya Usinisumbue ina tabia yake pia. Kwa kawaida huziacha alamu zipite, lakini baadhi ya Android zina ngazi ya ukimya kamili ambayo huzima kila kitu, alamu ikiwemo. Ukiitumia ngazi hiyo hutaamka, na hakuna wa kumlaumu.

Halafu kuna mtego wa saa zetu za Kiswahili. Anayesema saa 10 alfajiri anatakiwa kuiandikia simu 04:00, na mkono wenye usingizi huandika 10:00 bila kushauriana na mwenyewe. Iweke simu kwenye mfumo wa saa 24. Ukishahifadhi alamu, soma ule ujumbe mfupi unaosema zimebaki saa ngapi hadi ilie. Kama unapanda kitandani saa 4 usiku na simu inakuambia zimebaki saa 12, umeandika 10:00. Angalia pia kama umeiweka mara moja tu au ya kujirudia, na kwa siku zipi. Alamu ya Jumatatu hadi Ijumaa haimjui mtu wa zamu ya Jumamosi.

Sasa mahali pa kuiweka. Usiiache juu ya shuka kando ya bega, maana utageuka nayo itaanguka sakafuni, na simu inayotetema juu ya vigae husikika mpaka kwa mwenye nyumba. Itie ndani ya foronya, upande wako, chini ya pale shavu linapolala, isogee mbali na ubao wa kichwani. Kama mto wako ni mnene, wa sponji ngumu, ingiza simu upande wa juu, kati ya foronya na mto. Kava la mpira ni zuri kuliko la plastiki ngumu, kwa sababu haligongi kitu. Anayelala kwenye mkeka au godoro la chini asiiweke sakafuni hata kwa upande. Saruji hairindimi sana, lakini vigae hurindima.

Na hili halina mjadala: simu iliyo chini ya mto isiwe kwenye chaji. Betri inayochajiwa hutoa joto, na mto na blanketi hulizuia joto hilo lisitoke. Ichaji jioni, ukifika muda wa kulala ichomoe. Kwa kuwa simu janja nyingi zikizimika haziwezi kukuamsha, usilale na asilimia 9 ukitumaini itafika asubuhi.

Aliyewekewa kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo asilale na simu karibu na kifua. Ushauri unaotolewa kwa kawaida ni kuacha umbali wa angalau sentimita 15 kati ya simu au saa na kifaa hicho. Katika hali hiyo muulize daktari wako kwanza.

Bangili janja na saa

Kati ya vifaa vyote, mimi humpendekezea mtu anayelala na mwenzake kitanda kimoja ile bangili nyembamba ya mkononi inayohesabu hatua. Inagusa ngozi yenyewe, haianguki, haigongi mbao, na mwenza wako haihisi labda mkono wako uwe umemlalia. Xiaomi, Huawei, Fitbit na wengine wanazitengeneza. Nyingi hukaa na chaji kwa wiki au zaidi, jambo ambalo kwa nyumba zinazokatiwa umeme ni kubwa kuliko kioo cha rangi au idadi ya michezo inayotambua. Apple Watch ina mtetemo mzuri sana, ila nyingi hutangazwa kudumu saa 18 tu, kwa hiyo itabidi uichaji jioni ukiwa unakula na kuoga ili ifike alfajiri. Iweke kimya ndipo alamu ikuguse mkononi bila mlio. Na ujue tabia yake moja: ikiwa juu ya chaja, alamu hulia kwa sauti hata kama umeiweka kimya. Anayeichaji usiku juu ya meza amerudi kulekule kwenye kuamsha nyumba.

Kwa bangili nyingi, alamu unaipanga kupitia programu ya simu lakini inahifadhiwa ndani ya bangili, hivyo simu inaweza kuwa sebuleni au imezimwa na bangili ikafanya kazi yake. Baadhi ya zile za bei ya chini hutegemea simu iwe karibu na imeunganishwa. Utajuaje? Panga alamu ya dakika 3 mbele, zima Bluetooth ya simu, subiri. Isipotetema, hiyo inaiga simu tu.

Jaribio hilo lifanyie dukani, kabla hujatoa pesa. Ukienda Kariakoo mtaa wa Aggrey, au Luthuli Avenue kule Nairobi, utakuta bangili na saa zenye majina makubwa kwenye boksi na mota dhaifu ndani. Mwambie muuzaji aiwashe, uivae, uweke kipima muda cha dakika 1, kisha ushushe mkono na uendelee kuzungumza naye. Kama umehisi wazi katikati ya maongezi na kelele za mtaa, inaweza kukuamsha. Kama ilibidi utege hisia ndipo uhisi, irudishe kwenye kabati lake. Muuzaji anayekataa jaribio la dakika 1 amekwisha kukupa jibu.

Wapo wasiotaka programu wala chaji. Kwao kuna saa za kawaida za dijiti zenye alamu ya kutetema. Casio wanazo, W-735H ikiwa mojawapo, na betri yake ndogo hudumu miaka. Mtetemo wake ni wa muda mfupi, kwa hiyo haimfai mwenye usingizi mzito, lakini kwa mwanafunzi wa bweni asiyeruhusiwa simu ni msaada mkubwa. Aombe ruhusa kwa matroni au mlezi wa bweni kwanza, isije ikaonekana ameingiza kitu cha siri.

Namna ya kuvaa nayo ina uzito wake. Bangili iliyolegea hutetema hewani. Ipandishe juu kidogo ya mfupa wa kifundo cha mkono, iwe imeshika bila kubana damu, kiasi cha kuingiza ncha ya kidole kimoja kwa shida. Jiulize pia unalalaje. Mwenye kawaida ya kulalia mkono wa kushoto mpaka ukafa ganzi avae kulia, kwa sababu mkono wenye ganzi hausikii kitu. Wengine huvaa kifundoni mwa mguu, na kwa mtu anayelala akikumbatia mtoto hiyo ndiyo njia salama: mtetemo uko mbali na sikio la mtoto. Kwenye joto la Pwani, mkanda wa silikoni ukikaa na jasho usiku kucha huleta vipele. Uoshe, uukaushe, ubadilishe mkono kila baada ya siku kadhaa. Ngozi ikianza kuwasha, tafuta mkanda wa kitambaa.

Kitetemeshi cha kitanda

Walioanza kuhangaika na jambo hili kwa dhati ni viziwi, na vifaa vyenye nguvu zaidi vimetengenezwa kwa ajili yao. Ni saa ya mezani iliyounganishwa kwa waya na kidude cha duara, kizito, kinachowekwa chini ya mto au godoro. Kampuni ya Sonic Alert ya Marekani na Bellman & Symfon ya Uswidi ni kati ya wanaoziuza. Nguvu yake si ya bangili. Hutikisa mto mzima. Kama bangili imekushinda, hapa ndipo pa kufikia, na mtu wa kumuuliza kuhusu matumizi yake ni kiziwi mwenye kukitumia kuliko muuza simu.

Kwa anayelala peke yake, kwenye kitanda cha hosteli kwa mfano, kiweke chini ya godoro usawa wa mabega. Kwa anayelala na mwenzake, kiweke chini ya mto wako tu. Godoro la springi husambaza mtikisiko hadi upande wa pili na mwenzako ataamka nawe. Godoro la sponji huumeza kiasi, lakini si wote. Kwenye dabo deka ya chuma usikiache kiguse fremu, kwa sababu chuma huupeleka mtikisiko wote hadi kitanda cha juu. Zima sauti ya saa yenyewe, kwani nyingi huja zimepangwa kulia na kutikisa kwa pamoja, na sauti zake si za mchezo. Hakikisha ina sehemu ya betri ya akiba. Umeme ukikatika saa 9 usiku, saa isiyo na betri itakuamsha siku itakapopenda.

Kuhusu nguvu ya mitetemo, kuna kazi ya Dorothy Bruck na Ian Thomas wa Victoria University, Australia, waliochunguza namna ya kuwaamsha watu wazima wenye usikivu hafifu moto ukitokea. Taa za kumulika zilifanya vibaya. Vitetemeshi vya kitanda na mto viliwaamsha wengi, lakini si wote, na sauti nzito ya kukatikakatika ilivipita. Kwetu sisi hilo lina maana mbili. Mtetemo ni njia ya kweli ya kumwamsha mtu. Pia, usiutegemee peke yake siku ya kwanza, na kamwe usiutumie badala ya king'ora cha moshi.

Usiuzoeze mwili kupuuza

Bangili ile ile inayokuamsha alfajiri ikitetema usiku kucha kwa kila ujumbe wa kundi la harusi, baada ya muda mfupi mwili utaacha kuijali. Ubongo uliolala huchuja mambo. Kinachojirudia bila matokeo hutupwa. Fungua mipangilio ya bangili, uzime taarifa zote za usiku: ujumbe, barua pepe, hatua ulizotembea, ukumbusho wa kunywa maji. Kama kuna mtu ambaye lazima simu yake ikufikie usiku, mama mgonjwa kijijini au msimamizi wa wodi, ruhusu namba hiyo moja. Usiku, mtetemo uwe na maana ya kuinuka.

Kwa sababu hiyo hiyo usipende kitufe cha kuahirisha. Alamu za kutetema 5 zilizopangwa kila baada ya dakika 6 zinamfundisha mwenye usingizi kwamba nne za kwanza ni za bure. Weka moja. Kama kifaa chako kinakupa uchaguzi wa mitindo, chukua mtetemo mrefu wa kukatikakatika badala ya ule wa mfululizo, maana mfululizo huzoeleka haraka. Chunguza pia kinatetema kwa muda gani kabla ya kukata tamaa na kama hurudia chenyewe, kwani vingine hutetema kidogo tu vikanyamaza.

Baadhi ya bangili zina huduma ya kukuamsha ndani ya nusu saa kabla ya muda, pale zinapokisia kwamba usingizi wako ni mwepesi. Zinakisia kwa mijongeo yako na mapigo ya moyo. Si jambo baya, ila kwa mtu anayelala saa 5 usiku na kuamka saa 10, nusu saa hiyo ni ya thamani kuliko makisio. Mimi ningeizima.

Mwili wako una sauti katika hili

Usingizi mzito zaidi hukaa katika theluthi ya kwanza ya usiku. Aliyelala saa 3 akaamshwa saa 10 alfajiri anaguswa wakati usingizi umepungua uzito, na mtetemo mdogo humtosha. Aliyelala saa 7 usiku akataka kuamka saa 8 na nusu anajaribu kuitoa ndoo iliyo chini kabisa ya kisima. Hapo bangili itatetema mpaka ichoke. Ukiwa na saa chache, omba mtu akuamshe, au tumia kitetemeshi.

Saa ya kuamka isiyobadilika husaidia kuliko kifaa chochote. Mwaka 1999, Jan Born na wenzake wa Chuo Kikuu cha Lübeck, Ujerumani, walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya kuwalaza watu baada ya kuwaambia wataamshwa saa ngapi. Walioambiwa wataamshwa saa 12 asubuhi, homoni ya ACTH, ambayo ni miongoni mwa zinazouandaa mwili kwa pilika za siku, ilianza kupanda damuni mwao kama saa moja kabla ya muda huo, wangali usingizini. Wale walioshtukizwa hawakuwa na maandalizi hayo. Bibi zetu waliotuambia tulale tukinuia saa ya kuamka hawakuwa wakitudanganya. Kwa mtu wa zamu zinazobadilika kila wiki, hata hivyo, siku 2 au 3 za kwanza za zamu mpya ndizo za hatari, kwa kuwa mwili bado unaifuata ratiba ya zamani.

Wako ambao mtetemo hauwafai, au hauwafai usiku fulani. Aliyekunywa pombe, aliyemeza dawa za usingizi au za mzio zinazolevya, na aliyekesha siku mbili wasiutegemee. Mgonjwa wa kisukari wa muda mrefu anaweza kuwa amepoteza hisia za mtetemo miguuni, na wakati mwingine mikononi. Ndiyo maana kliniki humwekea ile uma ya chuma inayovuma kwenye kidole gumba cha mguu na kumuuliza kama anahisi. Mtu kama huyo asivae bangili kifundoni mwa mguu, na kama haihisi mkononi mchana, usiku hataihisi.

Jaribio na akiba

Anza kwenye siku ambayo kuchelewa hakutakugharimu. Panga mtetemo kwa saa unayoitaka, kisha panga alamu ya sauti dakika 10 baadaye, kwenye kifaa kingine, kwa sauti ya chini inayopanda taratibu. Ukiamshwa na mtetemo, unakwenda kuizima ile ya pili kabla haijalia, na nyumba inaendelea kulala. Usipoamka, sauti inakuokoa na wengine wamesumbuka mara moja tu. Kifaa bora cha akiba ni kitochi cha zamani, ile simu ndogo ya vitufe: hakina taarifa za kukusumbua, chaji yake hukaa siku nyingi, na kwa baadhi yake alamu hulia hata kikiwa kimezimwa. Kiweke mahali pa kukufanya usimame, nje ya chandarua, karibu na mlango.

Ukiona kwa wiki kadhaa kwamba mtetemo haujakuangusha, unaweza kuisogeza akiba iwe dakika 15 mbele. Usiifute. Siku ya mtihani, ya safari ya ndege, ya kufunga hesabu za mwaka, irudishe kwenye dakika 10, na mwambie mtu.

Kuinuka

Kazi yote hii inaharibika ndani ya dakika moja kama mtu aliyeamshwa kimya anawasha taa ya dari na kuburuza ndoo. Nguo za kesho zitoke chumbani jioni, pamoja na viatu, funguo, kitambulisho na nauli. Mfuko wa nailoni unaochakacha usiwe njia ya kuhifadhi chochote unachokihitaji alfajiri. Bawaba za mlango zinazolia zimalize kwa matone ya mafuta ya cherehani, na komeo la geti lipake grisi. Jaza sufuria ya chai na ndoo ya kuogea usiku. Tumia tochi iliyofunikwa kwa kidole au kitambaa, ielekezwe sakafuni, maana mwanga wa simu usoni humwamsha mtoto haraka kuliko mnong'ono. Kama chandarua chenu kimechomekwa chini ya godoro, lala upande wa kutokea, ili usimruke mtu, na ukishatoka kichomeke tena. Mbu hawana zamu.

Aliyeamshwa na mtetemo mara nyingi hukaa kitandani akidhani yu macho, kisha usingizi humrudia. Ule uzito wa kichwa baada ya kuamka unaweza kuchukua robo saa hadi nusu saa kuisha, kwa hiyo usiusubiri uishe ukiwa umelala. Keti, shusha miguu sakafuni, ndipo uzime bangili. Zima kwa utaratibu huo kila siku mpaka uwe mazoea.

Kisha, kabla ya kufunga mlango, zima na kile kitochi cha akiba. Ukikisahau, kitalia wewe ukiwa tayari kituoni, na atakayeamka kukitafuta gizani ni yule yule uliyetaka kumwacha alale.